Ua la Sebuleni na Moshi wa Jikoni



Bonde la Oldupai, huko Ngorongoro, jirani na sisi wa Karatu, limepata jina lake kwa oldupai, mkonge wa porini ambao Wamaasai wanaujua vizuri. Ndugu wa mmea huo, mwenye majani yaliyosimama kama panga, leo anauzwa mijini akiwa chunguni, kwa sifa ya kusafisha hewa ya ndani. Sifa hiyo ilianzia wapi, na inatufaa nini sisi wa nyanda za baridi?

Mwaka 1989, B. C. Wolverton na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliweka mimea ya nyumbani ndani ya masanduku yaliyozibwa, wakaingiza benzini, formaldehaidi na trikloroethilini. Kemikali hizo zilipungua, na sehemu ya kazi ilifanywa na vijidudu vya udongoni, kwenye mizizi. Jaribio lilikuwa halali. Lakini nyumba haizibwi hivyo. Hewa hupenya mlangoni, dirishani na chini ya bati. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za miongo mitatu, wakakokotoa kuwa ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia usafi unaoletwa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Hakuna nyumba inayoweza kubeba mimea mingi kiasi hicho.

Kwetu, hatari kubwa ni moshi wa kuni na mkaa. Unabeba chembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kwamba unakaribia kuzidisha maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Wa kwanza kuuvuta ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Baridi ya Juni na Julai inapouma, jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha kufungwa. Kaboni monoksaidi huinyima damu oksijeni, na aliyelala huenda asiamke.

Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Kabla haujamfikia kila mmoja, tukaushe kuni vizuri, tujenge majiko banifu yenye dohani, na tuweke dirisha linalotazamana na mlango.

Ndugu zangu, pandeni maua kwa uzuri wake. Lakini kwa ajili ya mapafu ya watoto wenu, fungueni madirisha, na jiko la mkaa lisilale ndani na mtu.