Deni la Baba

Msikilizaji, wengi wanaosoma riwaya ya The Kite Runner ya Khaled Hosseini huifunga wakimlilia Hassan na kumkasirikia Amir. Nawaelewa. Lakini mimi kesi yangu ni na mtu mwingine, tena yule ambaye wasomaji humpenda na kumheshimu: baba yake Amir, ambaye kitabu kizima kinamwita Baba tu.

Kwa ambaye hajaisoma, nieleze kidogo. Riwaya ilitoka 2003. Hosseini alizaliwa Kabul 1965, familia yake ikapata hifadhi Marekani 1980, naye akasomea udaktari huko California. Kabul anayoanza nayo ni ile ya kabla ya majeshi ya Kisovieti kuingia Desemba 1979. Katika Wazir Akbar Khan, mtaa wa wenye nazo, kuna jumba la Baba, na nyuma ya bustani kuna kibanda cha udongo anakoishi mtumishi wake Ali na mwanawe Hassan. Mwenye jumba ni Mpashtuni na Msuni. Mtumishi ni Mhazara na Mshia, na Wahazara wamedharauliwa Afghanistan kizazi baada ya kizazi.

Mama yake Amir alifariki akimzaa. Mama yake Hassan, Sanaubar, alimwacha mwanawe kabla hajatimiza wiki, akafuatana na kundi la waimbaji na wachezaji. Baba akamwita mwanamke yuleyule aliyemnyonyesha Amir aje amnyonyeshe na Hassan. Wasikilizaji wangu wa pwani, mnaujua uzito wa jambo hilo: walionyonya ziwa moja ni ndugu, na dini inawahesabu hivyo.

Sasa itazame asubuhi ya ndugu hao. Hassan ndiye wa kwanza kuamka. Chai ya Amir imeshapoa kiasi cha kunyweka, mkate umepakwa jamu, nguo za shule zimepigwa pasi. Amir anakwenda shule, Hassan anabaki kutandika kitanda. Alasiri wanapanda kilimani, wanakaa chini ya mkomamanga, Amir anasoma kwa sauti na Hassan, ambaye hakufundishwa hata herufi moja, anasikiliza. Hadithi anayoipenda zaidi imo katika Shahnama ya Ferdowsi: shujaa Rostam anamuua vitani kijana Sohrab, kisha anagundua kuwa amemuua mwanawe wa kumzaa. Rostam hakujua. Hassan anaililia hadithi ya baba asiyemjua mwanawe, na hatua chache kutoka kibandani kwake analala baba yake mzazi, anayejua kila kitu na amenyamaza.

Hiyo ndiyo siri ya kitabu. Hassan si mwana wa Ali. Ni mwana wa Baba, aliyelala na mke wa mtu aliyekua naye nyumba moja tangu utotoni. Amir anakuja kuambiwa 2001, mjini Peshawar, na mzee Rahim Khan, rafiki wa Baba, wakati Baba, Ali na Hassan wote wameshakufa.

Na huyu Baba ndiye aliyemfundisha mwanawe kwamba dhambi ni moja tu duniani, nayo ni wizi. Kwamba dhambi nyingine yoyote, ukiuchimba mzizi wake, utakuta kuna kitu mtu ameibiwa. Basi tumpime kwa mizani yake. Ali aliibiwa heshima. Hassan aliibiwa nasaba. Amir aliibiwa ndugu. Amir mwenyewe anaihesabu hesabu hiyo ukubwani, na haina nafuu.

Watetezi wa Baba wana hoja, wala sizipuuzi. Alijenga kituo cha yatima kwa fedha zake. Alimleta daktari kutoka India amshone Hassan mdomo wake wa sungura. Wakati wa kukimbia nchi, askari wa Kirusi alipomtaka mwanamke aliyekuwa nao ndani ya lori, Baba alisimama mbele ya mtutu wa bunduki akakataa. Ushujaa huo ni wa kweli. Ndiyo maana kimya chake kinaniuma zaidi. Alikuwa tayari kufa kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, lakini hakuweza kuwatazama majirani usoni akasema, huyu naye ni wangu. Yatima wa watu aliwajengea nyumba, wake akamwacha kwenye udongo.

Sasa turudi kwa Amir. Baridi ya 1975, siku ya mashindano ya tiara, nyuzi zimepakwa vioo vilivyosagwa mpaka viganja vinachanika, Amir anashinda, na Hassan anakimbia kumletea tiara ya mwisho iliyokatwa. Uchochoroni anazingirwa na Assef, mbabe wa mtaa, na wenzake. Wenzake wanamshikilia, Assef anamnajisi. Amir anaona, ananyamaza, anakimbia. Kisha, kwa kushindwa kuishi na aibu yake, anaficha saa na fedha chini ya godoro la Hassan ili aonekane mwizi. Hassan anakubali kosa asilotenda. Baba, aliyesema wizi hausameheki, anamsamehe papo hapo, na Ali anapoamua kuondoka na mwanawe, Baba anabubujikwa na machozi ambayo Amir hajapata kuyaona.

Woga wa Amir alilelewa nao. Katika nyumba ile kila siku alionyeshwa kwamba Hassan ni mtu wa kupendwa uani na kukanwa barazani. Amir naye alicheza na Hassan uani, wakija watoto wa wageni akamwacha. Uchochoroni alifanya lile ambalo baba yake alikuwa akilifanya kwa adabu na kwa miaka.

Ndiyo maana naona Assef ndiye mhusika dhaifu kuliko wote. Mwandishi amemrundikia kila uovu: utotoni anamsifu Hitler, ukubwani ni mkuu wa Taliban anayenajisi watoto. Msomaji akimpata mtu wa namna hiyo wa kumchukia, anapumua, anasahau kwamba waliomuumiza Hassan muda mrefu zaidi ni watu wema. Nguvu za Hosseini ziko kwingine, kwa mfano kwa Soraya, mchumba wa Amir, anayemwambia kabla ya ndoa yote aliyofanya ujanani. Amir anamsamehe, na ya kwake anayameza.

Aibu hizi si za kubuni tu. Filamu ya riwaya hii ilipokuwa tayari 2007, wasambazaji waliahirisha kuionyesha kwanza, wakawahamishia Falme za Kiarabu watoto wa Kabul walioigiza, kwa hofu kwamba wangedhuriwa kwa sababu ya onyesho la uchochoroni. Na serikali ya Afghanistan ikaipiga marufuku. Kuhusu Wahazara, kitabu kinataja Mazar-i-Sharif, ambako Taliban waliwaua kwa halaiki Agosti 1998. Hassan mwenyewe anapigwa risasi ya kisogo, amepigishwa magoti barabarani, kwa kukataa kuondoka katika jumba la Baba alilokuwa amerudi kulitunza. Alikufa akililinda jumba la baba yake bila kujua kuwa ni la baba yake.

Anabaki mwanawe, Sohrab, mtoto aliyemtoboa Assef jicho kwa manati ili kumwokoa ami yake Amir, aliyerudi Kabul kumchukua. Amir anamleta California akiwa amefunga kinywa, mwezi baada ya mwezi hasemi neno. Mezani siku moja baba mkwe wa Amir, Jenerali Taheri, anauliza majirani wataambiwa nini kuhusu mtoto wa Kihazara nyumbani kwa binti yake. Amir anamjibu waziwazi: baba yangu alilala na mke wa mtumishi wake, akazaliwa Hassan, na huyu ni mwana wa Hassan, damu yangu. Ana jina, anaitwa Sohrab, na usimwite tena mbele yangu mtoto wa Kihazara.

Maneno hayo Baba alikuwa anadaiwa tangu Hassan alipozaliwa, 1964.