Stokes wa Dublin: mfanyabiashara aliyenyongwa bila rufaa
Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Bukavu



Leo tumeona vizuri kuzungumza juu ya mgeni mmoja wa zamani. Mtauliza: Mwirlandi anatuhusu nini sisi watu wa Kadutu, Bagira na Ibanda? Mtusikilize kwanza.

Charles Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852. Alihama kwao kutafuta maisha, akafika Zanzibar mwaka 1878 akiwa mtumishi wa misheni ya Kianglikana, kazi yake kuongoza misafara kwenda Buganda. Mke wake wa kwanza, Mwingereza, alifariki mwaka 1884 muda mfupi baada ya kujifungua. Halafu akaoa Limi, binti wa Kinyamwezi wa ukoo wa watemi. Misheni ikaachana naye, naye akaingia biashara: pembe za tembo kwa upande mmoja, bunduki na baruti kwa upande mwingine.

Aliingia siasa pia. Mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga, aliyekuwa amefukuzwa, kurudi kwake. Baadaye akawatumikia Wajerumani. Watu walimfahamu kila fasi, na bila wapagazi wake Wanyamwezi asingefika popote.

Halafu msafara wake uliingia huku kwetu, mashariki ya Kongo, ambako Dola Huru la mfalme Leopold lilikuwa linapigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Askari wa kapiteni Lothaire walimkamata msituni Ituri. Walimshitaki kwamba anawauzia adui silaha. Kesi ilikwisha haraka, rufaa hakupewa, na tarehe 15 Januari 1895 akanyongwa pale Lindi, si ile ya Tanzania, ni ya huku kwetu Kongo.

Ulaya ikapiga kelele. Dola la Leopold likalipa franga 150.000 kwa Uingereza na 100.000 kwa Ujerumani. Lothaire akahukumiwa Boma mwaka 1896, akaachiliwa. Akapelekwa Brussels mwaka uleule, akaachiliwa tena.

Wapendwa, sisi hatumsifu Stokes. Bunduki inayouzwa haina macho, na sisi tunajua inaishia mlangoni mwa nani. Lakini hata muuza bunduki alistahili kusikilizwa. Na tuangalie jambo la pili: wakati ule Wakongo walikuwa wanakufa wengi, na kelele zilikuwa chache. Mzungu mmoja aliponyongwa, serikali mbili zikasimama. Jina lake tunalo mpaka leo. Ni nani kati yetu aliyewahi kusikia jina la mpagazi wake mmoja?

Alikuja Mwirlandi mwingine, Roger Casement, naye mzaliwa wa karibu na Dublin. Alikuwa konsuli wa Uingereza. Mwaka 1903 alipanda mto Kongo, akaketi na wanavijiji, akaandika walichomwambia kuhusu mpira na mateso yake. Ripoti ilitoka mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi. Haikuwa mwisho wa ukoloni, hapana. Lakini maneno ya watu wadogo, yakiandikwa vizuri, yalimtikisa mfalme.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tuliporudi tulikuta midomo imeshatuhukumu: "Huyu alikuwa na wenye silaha. Yule aliwabebea mizigo." Nani alituuliza? Mtu anaweza kubeba mzigo kwa sababu ya kulazimishwa. Na hata ndani ya chama, maneno ya namna hiyo yanaweza kumnyima mjane zamu yake ya msaada.

Kwa hiyo komite inaleta mambo mawili yapigiwe kura. Moja: franga ya sanduku letu isiguse biashara ya silaha, hata kwa mlango wa nyuma. Mbili: mwanachama asiondolewe kabla ya kusikilizwa, maneno yake yaandikwe, na awe na haki ya kukata rufaa mbele ya mkutano mzima.

Na ninyi wafadhili, mkija kukagua, mtuulize hesabu, ni haki yenu. Lakini mfungue na daftari la majina. Kila aliyebeba mzigo wa chama hiki tunataka aonekane humo.