Kama Ilimpasa Kufa, Je, Ilikuwa Vibaya Kumtetea?



Katika madarasa ya Kipaimara liko swali ambalo watoto huliuliza katika kila kizazi, na mara nyingi walimu hulipita haraka kwa kuwa kengele imekaribia kugongwa. Ikiwa wokovu wa ulimwengu ulitegemea kifo cha Yesu, je, mtu ambaye angemwokoa siku ile pale Yerusalemu angekuwa ametenda dhambi? Na ikiwa ndivyo, je, waliomsulibisha walitenda mema? Swali hili si la kitoto. Jibu ambalo Mkristo hulibeba moyoni huonekana anaposimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na hata anaposikia kelele za watu wanaomkimbiza mtu njiani.

Wa kwanza kujaribu kukizuia kifo hicho alikuwa Petro, katika nchi ya Kaisaria Filipi. Bwana alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba ilimpasa kuteswa na kuuawa. Neno la Kiyunani lililo nyuma ya hilo “kumpasa” ni fupi sana, “dei”, nalo lina maana ya jambo lisilo na budi. Petro akamchukua kando akamkemea, naye akajibiwa kwa ukali ambao hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kujibiwa (Mathayo 16:21-23). Luka, ambaye naye anasimulia habari ya siku ile, ameuacha mkemeo huo. Labda kwa kumhurumia Petro. Lakini kosa la Petro halikuwa kumpenda Mwalimu wake. Alitaka Yesu mwenyewe aiache njia aliyopewa na Baba. Hilo ndilo lililokuwa shauri la yule mjaribu jangwani: utukufu bila msalaba.

Mara ya pili ilikuwa Getsemane. Injili zote nne zinasimulia upanga uliokata sikio la mtumwa wa Kuhani Mkuu, ingawa ni Yohana peke yake anayemtaja Petro kwa jina, na yule mtumwa, Malko. Ni Luka peke yake, ambaye wapokeaji wengine wanasema alikuwa tabibu, anayeeleza kwamba sikio liliponywa. Panga zilizokuwapo zilikuwa mbili tu. Yesu alijibu kwamba angeweza kumwomba Baba naye akamletea zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Jeshi moja la Kirumi la aina hiyo lilikuwa na askari kati ya 5,000 na 6,000. Kwa hesabu hiyo anazungumzia zaidi ya 60,000. Mtu mwenye msaada wa namna hiyo hakufa kwa kukosa watetezi. Alijitoa. Petro alikatazwa kumwaga damu, na alikatazwa kumlazimisha Bwana aokolewe asipotaka.

Wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba kila aliyesema neno kwa ajili ya Yesu alikuwa akimpinga Mungu. Hitimisho hilo lina historia ndefu. Mathayo anasimulia kwamba mke wa Pilato alimpelekea mumewe ujumbe akiwa kitini pa hukumu, akimsihi asijihusishe na mwenye haki yule, kwa kuwa aliteswa sana katika ndoto (27:19). Katika utenzi uitwao Heliand, uliotungwa kwa lugha ya Kisaksoni cha kale katika karne ya 9, ndoto ile inatoka kwa Shetani, ambaye ametambua kwamba msalaba utauangusha ufalme wake, naye anahangaika kuuzuia. Wapo walimu wa Kanisa waliofundisha vivyo hivyo. Upande wa pili, Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limemhesabu mwanamke huyo kuwa mtakatifu, na pamoja naye Pilato mwenyewe, jambo ambalo Mlutheri atalishangaa kidogo.

Kati ya mawazo hayo mawili, la Heliand ndilo la hatari zaidi. Likikubaliwa, kumwombea asiye na hatia kunakuwa kazi ya Shetani, na hakimu anayenawa mikono anakuwa mtumishi wa wokovu. Kisha itambidi mtu amshukuru Yuda. Maandishi ya Kikopti yaitwayo Injili ya Yuda, yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliwafanya wengine waseme kwamba Yuda alikuwa rafiki aliyemsaidia Bwana kufa, ingawa wataalamu hawakukubaliana juu ya usomaji huo. Injili zilizomo katika Biblia hazikuacha mlango huo wazi. Katika meza ileile ya Pasaka Yesu alisema kwamba Mwana wa Adamu anakwenda kama alivyoandikiwa, na papo hapo akatangaza ole juu ya mtu yule amsalitiye (Mathayo 26:24). Petro, siku ya Pentekoste, aliyaweka yote mawili katika sentensi moja: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na waliomwua walimwua kwa mikono ya watu wabaya (Matendo 2:23). Mungu aliutumia uovu wao. Hakuuomba, wala hakuuita wema.

Tena wako watu waliomtetea Yesu na hawakukemewa hata kidogo. Nikodemo aliwauliza wenzake barazani kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Alidhihakiwa, na hoja yake ikatupwa. Yusufu wa Arimathaya hakukubali shauri la baraza wala tendo lao, asema Luka, naye anamwita mtu mwema na mwenye haki. Hawa walidai haki kwa asiye na hatia, wakashindwa. Kushindwa kwao hakukufanya utetezi wao kuwa dhambi.

Mtume Paulo anaifafanua tofauti hii kwa maisha yake. Alipokuwa Kaisaria, nabii Agabo alijifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo, kuonyesha kitakachompata Yerusalemu. Ndugu walimsihi kwa machozi asipande. Walipoona hashawishiki, ndipo walipoyaacha mapenzi ya Bwana yatendeke (Matendo 21:14). Maneno hayo waliyatamka mwishoni, baada ya kusihi. Paulo mwenyewe alikwisha kusema yu tayari hata kufa. Lakini siku chache baadaye watu zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo wasile wala kunywa mpaka wamwue. Mwana wa dada yake akasikia njama hiyo, akaingia ngomeni akamwambia. Je, Paulo alisema siku yake imefika? Alimwita akida, akamtuma kijana kwa jemadari. Na usiku ule Klaudio Lisia akamsafirisha chini ya ulinzi wa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Watu 470 kwa mfungwa mmoja, kwa sababu kijana mmoja hakunyamaza!

Msibani husemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Kinywani mwa mjane anayejikabidhi kwa Mungu, hilo ni neno la imani. Likisemwa na mume aliyekawia kuuza mbuzi ili mkewe apelekwe hospitali kujifungua, ni neno la kujificha. Na lasemwaje na kijiji? Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyozeeka katika moshi wa kuni wakiwapikia watoto na wajukuu. Majirani walisikia mayowe. Wengine walikuwa Wakristo, na siku ya maziko waliimba.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na Johann Hess, mchungaji wa Breslau, alikuwa amemwuliza Martin Luther kama Mkristo aruhusiwa kuikimbia mauti. Katika barua yake ndefu Luther hakuwalaumu waliokimbia bila kumwacha jirani asiye na msaada. Aliowakemea ni wale waliokataa dawa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu. Hao, alisema, wanamjaribu Mungu, na kwa hoja hiyo ingewapasa waache pia kula na kunywa. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena. Mtawala alimtaka Luther aondoke, naye alibaki, na nyumba yake ikawa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Mwezi Desemba mkewe Katharina alijifungua salama mtoto wa kike, Elisabeth. Mtoto huyo alifariki mwezi Agosti 1528, na baba yake alimwandikia rafiki kwamba hakujua moyo wa mzazi waweza kulegea kiasi kile kwa ajili ya mwanawe.