Fedha ya Wote, Mlango wa Nani?



Wiki iliyopita mzazi mmoja wa hapa mjini alinifuata studio akiwa na karatasi mkononi. Binti yake anasoma chuo kikuu nchini Marekani, na karatasi ile ilikuwa bili ya muhula. Chini ya karo, chakula na bweni palikuwa na mstari mmoja mdogo: ada ya shughuli za wanafunzi. Mzee alikuwa amekwisha kuuliza, akaambiwa kwamba fedha hiyo huendesha vyama vya wanafunzi na kwamba kuilipa si hiari. Baadaye binti akamsimulia kwamba chama kimojawapo kati ya hivyo kilimkatalia kugombea uongozi kwa kuwa si wa imani yao.

"Sasa bwana mtangazaji," akaniambia, "mimi nichange, halafu mwanangu aambiwe huku si kwako?"

Nilimwahidi kulizungumza jambo hili katika kipindi, maana swali lake si dogo. Wamarekani wenyewe wamelifikisha katika Mahakama ya Juu ya nchi yao, na si mara moja.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1972 mahakama hiyo iliamua kesi ya chuo kimoja cha serikali katika jimbo la Connecticut, ambacho kilikataa kusajili tawi la Students for a Democratic Society. Huo ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam, vyuo vimechachamaa, na mkuu wa chuo alihofia fujo. Majaji wakasema kwamba chuo cha serikali hakiwezi kukinyima chama usajili kwa sababu tu wakubwa wa chuo hawazipendi fikra zake. Mwaka 1995 ikaja kesi ya fedha hasa. Katika Chuo Kikuu cha Virginia kila mwanafunzi alikuwa akitoa dola 14 kwa muhula, na kundi la wanafunzi Wakristo likaomba mfuko huo ulipe dola 5,862 za kupiga chapa jarida lao, Wide Awake. Chuo kikakataa kwa hoja kwamba jarida ni la dini. Majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba ukiwalipia wengine magazeti yao, huwezi kumruka huyu kwa ajili ya mtazamo wake. Halafu mwaka 2000, safari hii kwa kauli moja, wakawaambia wanafunzi wa Wisconsin waliochoka kuchangia vyama wasivyoviafiki kwamba chuo kinaweza kuwatoza wote, mradi mgawo wa fedha hizo usitazame nani ana fikra gani.

Mpaka hapo, ndugu msikilizaji, ugomvi ulikuwa juu ya kile ambacho chama kinasema. Swali la mzee wetu ni jingine: chama kinamkubali nani?

Swali hilo lilipata kesi yake katika mji wa San Francisco, kwenye chuo cha sheria kilichoitwa Hastings, ambacho tangu mwaka 2023 jina hilo kimeliacha. Chama kilichosajiliwa pale kilipata sehemu ya ada ya wanafunzi, nauli ya kuhudhuria mikutano, haki ya kutumia jina na nembo ya chuo, na nafasi katika maonyesho ya vyama ambayo hufanyika kila mwaka. Sharti lake lilikuwa kufuata kanuni ya chuo inayokataza ubaguzi: wa rangi, dini, asili, jinsia, ulemavu, umri, au wa mtu kupenda watu wa jinsia yake.

Mwaka 2004 wanafunzi kadhaa Wakristo wa pale waliamua kujiunga na jumuiya ya kitaifa ya wanasheria Wakristo, Christian Legal Society. Jumuiya hiyo ilikuwa na katiba yake. Kila mwanachama, si kiongozi peke yake, alipaswa kutia saini tamko la imani na kuishi kwa kulifuata, pamoja na kukubali kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke waliooana. Asiye wa imani hiyo, au aliyeishi katika mapenzi ya jinsia moja bila kutubu, hakupokewa. Aliruhusiwa kuja kusikiliza, lakini kadi hakupewa. Chuo kikawaambia: badilisheni, ama hakuna usajili. Hawakubadilisha. Wakaenda mahakamani.

Hukumu ilitoka tarehe 28 Juni 2010, majaji 5 dhidi ya 4, na aliyeiandika ni marehemu Jaji Ruth Bader Ginsburg. Wakati huo chuo kilikuwa kimekwisha kukubali mbele ya mahakama kwamba kanuni yake maana yake ni hii: kila chama kimpokee kila mwanafunzi anayetaka kuingia, na kimwache agombee uongozi, hata kama anaipinga imani ya chama chenyewe. Jaji Ginsburg aliiona kanuni hiyo kuwa ya haki, na moja ya sababu zake ni ileile ya mzee wangu na bili yake: asilazimishwe mwanafunzi kugharamia chama ambacho kingemfungia mlango. Hoja yake nyingine ilikuwa kwamba chuo hakikukifuta chama wala kuwazuia watu wake kukutana. Kilikinyima ruzuku tu. Isitoshe, mwaka uliofuata baada ya kunyimwa usajili, idadi ya waliohudhuria shughuli za chama hicho iliongezeka maradufu.

Jaji Samuel Alito, aliyeongoza upande ulioshindwa, hakuafiki hata kidogo. Alikumbusha kwamba chuo kile kilikuwa na vyama zaidi ya 60 vilivyosajiliwa, na kwamba katika historia yake yote kilikuwa kimekataa kimoja tu, na ni hicho. Alionyesha pia kwamba kanuni ya kumpokea kila ajaye haikutajwa wakati chama kilipokataliwa. Ilijitokeza mwaka 2005, mkuu wa chuo alipokuwa akihojiwa katika kesi. Na tena, mengi waliyoomba wale vijana hayakuwa na gharama yoyote. Mathalani, waliomba kuweka meza uani ili waongee na wanafunzi wapya. Meza moja!

Nimezisoma pande zote mbili, na sitajificha nyuma ya kiti cha mtangazaji. Kwenye fedha namfuata Ginsburg. Mfuko uliojazwa kwa amri, kutoka katika mfuko wa kila mzazi, unaweza kuwekewa sharti kwamba anayeula asimbague aliyeuchangia. Mwenye kutaka uhuru wa kuchagua wenzake kwa imani achange mwenyewe, kama wanavyochanga waumini kila juma bila ya kumngoja mkuu wa chuo. Ila kwenye meza, ubao wa matangazo na chumba cha mkutano namfuata Alito. Hivyo si ruzuku. Ni mahali pa kusimama na kusemea, na mwanafunzi asiye na mahali pa kusemea ndani ya chuo chake hasaidiwi sana na kuambiwa kwamba yuko huru.

Kuna na jambo la uongozi, ambalo kwangu ni gumu kuliko la uanachama. Mwanachama ni mtu wa kuhudhuria, akichoka haji. Kiongozi ndiye anayeomba dua mbele ya wenzake, ndiye anayefundisha. Kumlazimisha Mwislamu aongozwe katika sala na asiyeswali, au chama cha wanawake kiongozwe na mwanamume anayekidharau, naona ni kukivunja chama na kubakiza jina. Ginsburg aliiona hofu ya namna hiyo kuwa ya kufikirika zaidi kuliko ya kweli. Huenda kwa wingi wa matukio alisema kweli. Lakini anayehofia kuporwa chama chake hahitaji matukio mengi, moja linamtosha.

Tena upo ubaya mwingine ambao hukumu ya mwaka 2010 haikuweza kuuzuia, nao ni ule wa ofisi inayoitumia kanuni kwa fulani na kuisahau kwa mwingine. Chuo Kikuu cha Iowa kiliumbuka hapo. Mwaka 2017 kilikifutia usajili chama cha Business Leaders in Christ, kwa kuwa kilimnyima uongozi mwanafunzi mmoja mwenye mapenzi ya jinsia moja. Kumbe papo hapo chuo kilikuwa kimesajili kikundi kingine cha Kikristo ambacho sharti lake la uongozi lilikuwa kinyume chake: kiongozi ayaafiki mapenzi hayo. Vikundi vingine vilivyochagua watu kwa jinsia au kwa itikadi navyo viliachwa vikaendelea. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ikasema kwamba huko ni kupendelea mtazamo, na kwamba maofisa waliohusika wanaweza kudaiwa wao wenyewe. Maofisa wa vyuo vingi, nadhani, waliisoma hukumu ile wakiwa wima.

Basi mzee wangu anataka jibu, nami jibu moja sina, kwa sababu Marekani ni nchi ya majimbo na kila jimbo lina lake. Ohio, Virginia na Kansas ni miongoni mwa majimbo yaliyotunga sheria za kuvilinda vyama vya dini katika vyuo vya serikali, visinyang'anywe haki zao kwa kuchagua viongozi wa imani yao. Huko binti akilalamika hatafika mbali. Kwingine chuo kinaweza kudai kila chama kiwe wazi kwa wote, uongozi ukiwamo, mradi kiwadai wote sawasawa. Na chuo cha binafsi ni habari nyingine kabisa, maana hakibanwi na Katiba ya nchi kama cha serikali. Vanderbilt, chuo cha binafsi huko Tennessee, kilipoweka kanuni ya kumpokea kila mmoja, vyama kadhaa vya Kikristo viliona heri vipoteze usajili.

Nimemwambia mzee amwombe binti mambo matatu kwa barua: chuo chake ni cha serikali au cha binafsi, kanuni ya vyama inasemaje kwa maandishi, na je, vipo vyama vingine pale vinavyochagua viongozi kwa dini, jinsia au kabila bila ya kuguswa. Hilo la mwisho ndilo nililompigia mstari. Ama ile ada, nimemshauri ailipe kabla ya tarehe. Kama chuo ni cha serikali, kuidai irudishwe eti kwa sababu chama fulani hakiafiki ni mlango uliofungwa tangu mwaka 2000.