Mcheza Kwao Hutunzwa: Safari ya Kujifunza Ngoma Ugenini

(Maandishi ya mazungumzo kwa vijana, wazee wa vijiji, walimu wa muziki na vikundi vya utamaduni wa wadi ya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira)



Vijana wenye kipaji huuliza kama mtu anaweza kwenda nchi za nje kusomea ngoma. Wazazi nao huuliza: akienda, atarudi na nini? Maswali haya mawili yana uzito, kwa sababu safari ni gharama, na kipaji kisichoongozwa hupotea. Majibu yake yamo katika maisha ya watu ambao wamekwisha kusafiri.

Mfano wa kwanza ni wa msafiri aliyekuja upande huu. Katika miaka ya 2000, mwanamke kutoka Japani, Eriko Mukoyama, alifika Kenya kujifunza nyatiti ya Wajaluo. Leo anajulikana kwa jina la Anyango. Nyatiti ina kamba nane, lakini mpigaji wake hufanya kazi ya mpiga ngoma pia. Huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa ala, huku njuga zilizofungwa mguuni zikishika mdundo. Anyango alikwenda Siaya kwa fundi mzee, Okumu K'Orengo, akakaa kijijini na kujifunza kuimba kwa Kijaluo. Kwa mila, nyatiti ilikuwa ala ya wanaume. Mgeni huyo hakuilazimisha mila; aliomba, akasubiri, akafundishwa, na akapata idhini ya mwalimu wake kabla ya kwenda kuipiga kwingine. Baadaye aliipiga nyatiti hiyo Japani na katika nchi nyingine.

Wakazi wa Magwagwa wanapaswa kulitafakari jambo hili. Mtu alitoka Tokyo hadi Siaya kutafuta elimu iliyokuwa mikononi mwa mzee wa kijiji. Kutoka Magwagwa hadi Siaya ni safari ya siku moja tu, na kutoka Magwagwa hadi kwa mpigaji wa obokano wa Abagusii huenda ni mwendo wa miguu. Obokano nayo ina kamba nane na sauti nzito inayonguruma. Je, ni vijana wangapi wamewahi kuketi karibu na mpigaji wake na kumwomba awafundishe?

Mfano wa pili ni wa Mkenya aliyetoka nje. Kasiva Mutua ni mpiga ngoma ambaye humtaja nyanya yake miongoni mwa waliomfunza kusikiliza midundo. Alipoanza, aliambiwa kwamba ngoma si kazi ya mwanamke. Aliendelea, na akajiunga na Nile Project, kundi la wanamuziki kutoka nchi za bonde la Mto Nile lililoanzishwa na Mina Girgis wa Misri pamoja na mwimbaji Meklit Hadero, mzaliwa wa Ethiopia. Wanamuziki wa kundi hilo walikutana kwa mara ya kwanza Aswan, Misri, mwaka wa 2013. Kila mmoja alileta ala na mizani ya kwao, na ilibidi ajifunze za mwenzake kabla ya kupanda jukwaani. Mwaka wa 2017 Kasiva alizungumza katika mkutano wa TED uliofanyika Arusha, akieleza jinsi anavyowafundisha wasichana na wanawake kupiga ngoma.

Kundi hilo linahusu Magwagwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mvua inayonyesha kwenye miinuko hii huteremka hadi Mto Sondu Miriu, ikaingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hutoka Jinja, Uganda, kuelekea Misri. Kijana wa hapa ni mtu wa bonde la Nile. Akienda kukutana na mpiga ngoma wa Uganda, Sudan au Misri, anakutana na jirani wa maji yaleyale.

Mifano hii miwili ina fundisho moja. Anayekwenda ugenini bila kitu cha kwao mkononi huwa mwanafunzi tu, na akirudi huwa mwigaji. Anayekwenda na mdundo wa kwao hupokelewa kama mwalimu pia, kwa kuwa ana cha kubadilishana. Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Sasa kuhusu mahali pa kwenda. Neno ng'ambo huwafanya wengi wafikirie Ulaya au Marekani, na hapo gharama huwakatisha tamaa. Lakini shule za ngoma ziko karibu. Bagamoyo, Tanzania, kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka wa 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hapo ngoma za makabila ya Tanzania hufundishwa pamoja na muziki na uigizaji. Mji Mkongwe wa Zanzibar una chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002, kinachofundisha taarabu, kidumbak na ngoma za kienyeji. Katika sehemu zote mbili Kiswahili kinatumika, kwa hivyo kijana wa Nyamira hapotei. Uganda nako, ngoma za Buganda zina mafundi wa kuzitengeneza na wa kuzipiga, na tangu 2014 Mkenya anaweza kuvuka mpaka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa safari za mbali zaidi, pasipoti huombwa kupitia eCitizen.

Liko pia jambo ambalo wazee wanalijua, ingawa halizungumzwi sana. Fundi asiyefundisha mtu huzikwa na ngoma yake. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis, majirani wa Magwagwa, akarekodi nyimbo zao, ukiwemo ule maarufu unaoitwa Chemirocha. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka wa 1954. Ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya kurudishwa kwa jamii iliyoziimba. Kuhifadhiwa ni jambo jema, na bila kazi hiyo pengine sauti hizo zisingekuwepo tena. Hata hivyo, itakuwa aibu kubwa iwapo mtoto wa Magwagwa atalazimika kupanda ndege ili asikie midundo ya babu yake.

Kwa sababu hiyo sheria ipo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 inazitaka kaunti ziwe na rejista ya maarifa ya jadi. Sheria hiyo inasema pia kwamba mgeni anayetaka kutumia ngoma au wimbo wa jamii kwa faida yake anapaswa kupata idhini ya jamii kwanza, na jamii igawiwe manufaa. Mtafiti au mwanamuziki akija na kinasa sauti, akaribishwe kwa heshima, kisha aulizwe: kazi hii itatumika wapi, na nakala itarudi lini?

Yafuatayo yanaweza kuanza mara moja bila kusubiri bajeti. Kila kikundi cha ngoma kiandike majina ya mafundi wake, ala wanazopiga, na vijana wanaofundishwa na kila fundi. Iwapo safu ya vijana ni tupu, hiyo ndiyo dharura. Walimu wanaotayarisha wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, wawaalike mafundi hao shuleni ili watoto wajifunze kwa mikono yao wenyewe, badala ya kukariri wimbo wa mashindano na kuusahau. Wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana, kwa idhini na baraka za wazee. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mradi mzee mwenyewe akubali na jina lake litajwe.

Kijana anayetaka kusafiri naye aonyeshe mambo matatu: fundi wa nyumbani aliyemfundisha, shule au mwalimu anayemwendea, na watu atakaowafundisha akirudi. Mwenye majibu ya maswali hayo atamshawishi mzazi, chama cha akiba au mfadhili kwa urahisi zaidi kuliko mwenye ndoto peke yake.

Kwa wazazi walioshangaa kama ngoma ni kazi, jibu liko Siaya na Aswan: ngoma iliwavusha watu mipaka kwa kuwa kuna mzee au nyanya aliyekubali kuwafundisha. Wazee wa aina hiyo bado wapo Magwagwa. Waendewe wakiwa wangali na nguvu.