Mali ya Sadaka Baada ya Kufa
(Mazungumzo kwa watu wa Garsen na kandokando ya Mto Tana)



Wako wengi katika nchi ya Mto Tana, wakulima kwa wafugaji, watamanio sehemu ya mali yao iendelee kufanya kazi ya heri baada ya kufa kwao: msikiti, kanisa, skuli au kisima. Nia hiyo ni njema. Lakini mzee akiisha kuzikwa ndipo ugomvi uanzapo: wale wadai ng'ombe walioahidiwa, na watoto wasema hawakusikia neno.

Kwanza niondoe hofu moja. Wengine hudhani kwamba Serikali itachukua fungu lake kabla ya wote. Ilikuwako kodi ya mali ya marehemu katika Kenya, nayo ilifutwa mwaka 1982. Ada ya mahakama ipo, lakini hiyo si kodi.

Mwislamu aweza kuweka wakfu angali hai: mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na faida yake hutumika kwa kazi aliyoitaja. Njia nyingine ni wasia. Kazi yangu ni kufasiri, na neno hili hunitaabisha, maana watu huliona kuwa ni nasaha za mtu aliye kitandani. Sheria yataka zaidi ya nasaha. Kwa Waislamu, wasia hauzidi thuluthi moja ya mali, baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa; na anayerithi hausiwi kitu ila warithi wenzake waridhie.

Kwa wasio Waislamu iko Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Wasia wa maandishi hutiwa sahihi, au alama ya mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili, na yafaa mashahidi hao wasiwe watu watakaopewa kitu. Wasia wa mdomo nao hukubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa raia wa kawaida hufaa tu akifa ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyesema neno lake wakati wa kupanda, akafa baada ya mavuno ya mwaka wa pili, hakuacha wasia. Tena, mke na watoto walioachwa bila riziki waweza kuiomba mahakama iwakatie fungu, hata kama mali yote imepewa kanisa.

Yafaa kujua kwamba sheria hiyo iliitaja Tana River kwa jina: asiyeacha wasia, mashamba na mifugo yake iliachiwa sheria au desturi ya jamaa yake. Na desturi haitaijua skuli ambayo marehemu aliipenda moyoni tu.

Jambo gumu kuliko yote ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya 2016, ardhi ya jumuiya isiyoandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa niaba ya watu wake. Mtu hawezi kuusia kisicho chake peke yake, hata kama babu yake ndiye aliyefyeka pori.

Mwislamu na aende kwa Kadhi. Wengine waulize mahakamani Garsen. Asiye na fedha za wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Warithi wachukue hati ya kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, wake na mabinti wasisahauliwe. Na kabla mahakama haijatoa idhini, asiuze mtu hata ndama mmoja wa marehemu, kwani kuingilia mali hiyo ni kosa lenye faini au kifungo.