Sheria ya Msaada Itangulie Dhoruba



Msaada wa Serikali kwa mwananchi aliyefikwa na maafa hupimwa kwa mambo mawili: kiasi chake na wakati wake. Kuhusu kiasi husemwa mengi, wakati husahauliwa. Yaliyowapata wafugaji wa magharibi ya jimbo la South Dakota, nchini Marekani, mwaka 2013, yanafaa kutafakariwa na kila mtu ambaye kazi yake ni kuwahudumia wengine.

Kaunti ya Meade, kama jirani zake, ni nchi ya nyasi, na maisha ya vijijini humo hutegemea ng'ombe. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo mvua ya baridi iliwalowesha wanyama, kisha ikafuata theluji nzito na upepo mkali. Mifugo ilikuwa ingali katika malisho ya kiangazi, mbali na mazizi, na manyoya mazito ya majira ya baridi yalikuwa hayajaota. Ng'ombe waliukimbia upepo, wakavuka nyua zilizofunikwa na theluji, wakafia makorongoni na kando ya barabara. Taarifa zilizofikishwa kwa serikali ya jimbo zilitaja ng'ombe wapatao 14,000, na si kila hasara iliyoandikishwa.

Je, fidia ilikuwapo? Mpango wa fidia ya mifugo uliwekwa na sheria ya kilimo ya mwaka 2008, lakini muda wake ulikwisha Septemba 2011 na Bunge halikuwa limeuhuisha. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2013, ofisi za Serikali Kuu zilifungwa kwa siku 16 kwa kuwa Bunge halikuafikiana juu ya fedha. Mfugaji aliyekwenda ofisi ya kilimo ya kaunti alikuta mlango umefungwa. Na hata ungekuwa wazi, afisa asingekuwa na sheria ya kumlipia. Waliomkimbilia kwanza ni wafugaji wenzake, waliochanga fedha na mitamba.

Sheria mpya ilitiwa sahihi tarehe 7 Februari 2014. Iliufanya mpango huo kuwa wa kudumu, ikahesabu hasara zote tangu Oktoba 2011, na ikaweka malipo ya asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko kwa wanyama waliokufa kupita kiwango cha kawaida cha vifo. Ndama aliyekuwa tumboni hakuhesabiwa. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 15 Aprili, zaidi ya miezi sita baada ya dhoruba. Benki haikungoja muda huo wote, wala ng'ombe waliosalia hawakuacha kula.

Funzo la kwanza ni kwamba huruma inayotungiwa sheria baada ya maafa huchelewa, hata iwe kubwa namna gani. Funzo la pili ni la kumbukumbu. Mfugaji aliyepiga picha za mizoga, akatunza stakabadhi na hesabu ya kundi lake, na kupata mashahidi, ndiye aliyeweza kuthibitisha hasara yake miezi kadhaa baadaye. Asiyekuwa na maandishi alikuwa na huzuni tu, na huzuni haijazwi katika fomu.

Basi mwalimu anayemfundisha mtoto wa mfugaji kuandika hesabu ya zizi, na afisa anayeitunza sheria kabla haijaisha muda, wote wawili wanaokoa mifugo. Kazi yao haionekani siku ya jua. Siku ya dhoruba ndipo thamani yake hujulikana.